Vila ya Gozo au nyumba ya Galveston: anayekula pesa ni tiketi

Likizo ya kisiwani inapopangwa, iwe Arlington au Houston hapa Texas, swali la kwanza huwa vila inalipiwa kiasi gani kwa usiku. Mimi ningeanza kwingine: ni vichwa vingapi vinapanda ndege? Pango la nyumba hugawanywa. Walale humo watu wanane au wawili, mwenye nyumba anadai kilekile. Tiketi kila mtu ana yake, na mtoto akishatimiza miaka miwili lazima anunuliwe kiti.

Tuchukue Gozo, kisiwa kidogo cha Malta chenye kilomita za mraba 67, ambako nyumba za mawe za wakulima wa zamani zimegeuzwa vila zenye bwawa la kuogelea. Ni mahali tulivu. Kutoka kisiwa kikuu unavuka kwa kivuko kwa dakika 25 hivi, na nauli ya mgeni mtu mzima, yuro 4.65, hulipwa wakati wa kurudi tu. Magari huko hupita kushoto, kwa hiyo aliyejifunza kuendesha Dar es Salaam au Nairobi hatababaika.

Wasafiri wetu ni familia mbili, wazazi wanne na watoto wanne, kwa usiku 7. Bei za pango, tiketi, mshahara na mafuta ninazotumia ni za mfano, uweke zako mahali pake. Vila ya vyumba vinne kwa yuro 350 kwa usiku ni yuro 2,450, na tukihesabu yuro moja kwa dola 1.15, hizo ni dola 2,818. Kutoka Texas hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Malta. Tiketi ya kuunganisha tuseme ni dola 1,200 kwa mtu, yaani dola 9,600 kwa wote.

Halafu kuna viza, na hapa ndipo wengi hushtuka. Grini kadi haimwondolei Mkenya, Mtanzania wala Mkongo haja ya viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Malta. Ada yake tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, na juu yake inatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Watoto waliozaliwa Marekani wanaingia kwa pasipoti zao bila viza, hadi siku 90 katika kila siku 180. Kwa hiyo katika nyumba moja mtoto ameshafunga begi na mama yake bado anasubiri miadi. Anayechagua kisiwa cha Ugiriki, Italia au Hispania atakuta nchi hizo zina ubalozi mdogo Houston, ila wa Fort Worth ahesabu zaidi ya kilomita 400 za barabara na siku nzima bila kazi. Viza za wazazi wanne ni yuro 360, sawa na dola 414.

Jumla ni dola 12,832, au dola 1,604 kwa kichwa. Chakula sijakiweka kwa kuwa tunakula popote tulipo, wala bima, kivuko na gari la kukodi.

Sasa zichezee hesabu hizo. Ukichukua vila ya bei maradufu, jumla inapanda kwa asilimia 22 tu. Ukipata tiketi iliyopungua dola 300 kwa mtu, umeokoa dola 2,400, karibu pango zima la wiki. Ndiyo maana naona ni kupoteza muda kubishana wiki tatu juu ya vila ipi ina bwawa kubwa, wakati tiketi haijakatwa na bei yake inaweza kupanda. Kinachoshusha tiketi ni tarehe. Shule nyingi za Texas hufungwa mwishoni mwa Mei, wakati watoto wa Ulaya wengi bado wako darasani. Wiki ya mwisho ya Mei na ya kwanza ya Juni ni nafasi yetu, kabla ya Julai na Agosti ambapo Mediterania hujaa na bei hupaa. Maji ya bahari yatakuwa na ubaridi kidogo. Watoto hawatajali.

Kukaa wiki mbili kunavutia pia: usiku mmoja kwa mtu unashuka kutoka dola 229 hadi 140, kwa sababu tiketi na viza ni zilezile. Lakini sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa likizo yenye malipo. Kwa anayebeba boksi kwa dola 20 kwa saa, wiki ya saa 40 ni dola 800 kabla ya makato. Wazazi wanne wakikosa wiki hiyo ni dola 3,200, zaidi ya pango lenyewe. Gharama hii haiandikwi kwenye tangazo lolote la vila, na ndiyo inayouma zaidi mtu akirudi.

Kisiwa cha karibu ni Galveston, mwisho wa barabara kuu ya I-45 inayoanzia Dallas, kilomita 80 hivi kutoka katikati ya Houston. Tuseme nyumba ya likizo upande wa magharibi, mbali na kelele za barabara ya ufukweni ya Seawall, ni dola 450 kwa usiku, na usafi dola 250: jumla dola 3,400. Ongeza kodi ya malazi, asilimia 6 ya jimbo na 9 ya jiji, dola 510. Mafuta ya magari mawili kutoka Dallas, kwenda na kurudi, kama dola 116. Jumla dola 4,026, au dola 503 kwa kichwa, chini ya theluthi moja ya Gozo. Aliyeko Houston anapunguza hata hayo mafuta. Maji ya pale ni ya kahawia kwa tope la mito, si ya buluu, na msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Kimbunga cha Septemba 1900 kiliua maelfu ya watu kisiwani hapo, kwa hiyo masharti ya kurudishiwa pesa yasomwe yote kabla ya kulipa.

Kuna njia ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote. Turkish Airlines inaruka hadi Istanbul kutoka Dallas na Houston, na kutoka pale inaendelea Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Mwaka wa kwenda nyumbani tiketi ya Atlantiki ni lazima inunuliwe. Kuchepuka kutoka Istanbul hadi Malta, tuseme kwa dola 300, kunaifanya Gozo iwe nyongeza ya dola 704 hivi kwa kichwa, pamoja na pango na viza.

Kwa hiyo, mwenye watoto wadogo na wiki moja tu ya likizo aende Galveston, tena bila kuona haya. Gozo iwekwe mwaka wa kwenda nyumbani, na familia zote mbili zianze kuchanga miezi 18 kabla. Na kabla hamjalipa dhamana ya nyumba yoyote, hakikisheni kila mzazi ana viza mkononi, au kwamba dhamana hiyo inarudishwa akinyimwa.