Nyimbo na Sinema katika Somo la Historia

Ndalu iko kati ya Kitale na Bungoma, katika nchi ya mahindi. Mashamba yake yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu mpaka mpango wa kugawa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, ndipo wakulima Waafrika wakaja kutoka pande mbalimbali, kila jamaa na mizigo yake na nyimbo zake. Watoto wanaosoma huko leo wameikuta ardhi imekwisha pimwa na kuwekewa mipaka. Vitabu vya shule hueleza habari za nchi nzima na hupita Ndalu bila kutua. Kwa hiyo mwalimu wa historia afanya vema kuanza na nyimbo zilizomo vijijini.

Wabukusu hutahiri vijana kila mwaka wa pili, mwezi wa Agosti, na kila kundi huingia katika rika lenye jina. Mzee wa rika la Nyange alitahiriwa baada ya mwaka 1948 hivi. Wa Maina, baada ya 1960 hivi. Basi mwanafunzi akiuliza rika la mwimbaji, amekwisha pata tarehe, tena bila karatasi. Lakini na ajihadhari: majina ni manane nayo huzunguka, hata baada ya miaka mia hivi jina hurudi, na Kolongolo wa kale siye Kolongolo wa leo.

Tarehe peke yake haitoshi. Ipo habari ya Elijah Masinde wa Kimilili, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mwaka 1945 Serikali ya kikoloni ilimpeleka hospitali ya Mathari, Nairobi, kama mgonjwa wa akili. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11, na mwaka huohuo dini ikapigwa marufuku. Asikiaye nyimbo za sifa tu hukutana na shujaa aliyeonewa na Mzungu, asijue kwamba mwaka 1968 Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku dini ileile. Asomaye barua za maofisa tu hukutana na mwenda wazimu. Darasa lihitajilo kumjua Masinde halina budi kuvichukua vyote viwili, na ubishi utakaozuka usikatizwe upesi.

Sinema yataka hadhari kubwa zaidi, kwa kuwa jicho huamini haraka kuliko sikio. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, zilitengenezwa sinema za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, zikatembezwa kwa lori hata Kenya na Uganda. Mojawapo ilieleza faida ya kulipa kodi. Barabara na zahanati zilikuwapo kweli. Lakini mtu aliyeacha mke na shamba lake akaenda kuvuna mahindi ya mlowezi Trans Nzoia, ili apate shilingi za kodi hiyo, habari zake zitafutwe kwenye nyimbo za kazi.

Hata sinema za siku hizi ni vivyo hivyo. Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, na mwaka 2010 maisha yake yakatolewa katika sinema, Oliver Litondo akiigiza nafasi yake. Sinema hiyo yaonyesha pia mateso ya vizuizi vya wakati wa Mau Mau, na wanafunzi huguswa sana. Yafaa waambiwe mapema kwamba waliye mbele yao ni mwigizaji, na maneno yake yameandikwa na mtunzi.

Kwa upande wa nyimbo, Ndalu haihitaji mtambo wa gharama. Simu ya mkononi yatosha kunasa sauti. Yapasa kuandika pamoja nayo jina la mwimbaji, rika lake, na alikotoka kabla ya kupewa shamba. Wazee wa Nyange waliobaki ni wachache, na aliye mdogo kwao anakaribia miaka 80.