Fahamu: Miungano mbadala katika Fallout: New Vegas

Mchezo huu wa video wa mwaka 2010, kazi ya Obsidian Entertainment, umerudi midomoni mwa watu baada ya tamthilia ya Fallout kufika New Vegas katika msimu wake wa pili.

Nani anapigana?

Ni mwaka 2281, baada ya vita vya nyuklia. Jamhuri ya California Mpya, Jeshi la Kaisari na Bwana House, mtawala wa New Vegas, wanagombea Bwawa la Hoover. Mchezaji huchagua upande, au huutwaa mji mwenyewe.

Muungano mbadala ni upi?

Ni ule ambao mchezo hauruhusu. Jamhuri inaweza kupatanishwa na kundi lingine la mchezo, Udugu wa Chuma, lakini House anataka Udugu uangamizwe, na hakuna hoja inayomgeuza. Wachezaji hawaishii hapo: huandika hadithi zao, au hutengeneza programu za nyongeza zinazoubadili mchezo.

Kwa nini ni muhimu?

Ugomvi wa Bwawa la Hoover ni wa maji na umeme. Msomaji wa Kigali anaijua njia nyingine: megawati 80 za kituo cha umeme wa maji cha Rusumo, kwenye mto Akagera, hugawanywa sawa kati ya Rwanda, Tanzania na Burundi. Mgao wa sawa kwa kambi zote tatu haumo katika miisho ya mchezo, na kwangu huo ndio unaostahili kubuniwa kwanza.