Kamembe: Kwa nini simu ya laini mbili huwaudhi wakaazi wa mpakani

Anayeuza isambaza Kamembe kwa wateja wa nchi mbili huhitaji laini mbili. Wa Rwanda humpigia kwa namba inayoanza na 250, na wa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, kwa inayoanza na 243. Simu ya bei nafuu yenye laini mbili humfaa sana. Humuudhi pia, na sehemu kubwa ya maudhi hayo inatokana na jinsi ilivyoundwa.

Mteja wa Bukavu hupiga akaambiwa namba haipatikani, ilhali simu imewashwa na imo mkononi mwa mwenyewe. Sababu ni kwamba simu nyingi za aina hii zina nafasi mbili za kadi, lakini mtambo wa mawimbi ndani yake ni mmoja. Laini zote zikiwa zimetulia, mtambo huo huzisikiliza kwa zamu, kwa kasi ambayo mtumiaji haitambui. Mazungumzo yakianza kwenye laini moja, nyingine hunyamaza hadi yaishe. Ni mara chache mnunuzi huelezwa jambo hilo dukani.

Kero ya pili hugusa mfuko. Kila kadi hubeba tarakimu za nchi yake: 635 kwa Rwanda, 630 kwa Kongo. Kwa tarakimu hizo simu hutafuta kwanza mtandao wa nyumbani. Lakini Kamembe na Bukavu zinatazamana, na mawimbi hayasimami darajani kuonyesha kitambulisho. Mtandao wa nyumbani ukififia, tuseme nyuma ya kilima au ndani ya kuta nene, laini iliyoruhusiwa kutumika nje ya nchi inaweza kuhamia mnara wa Kongo bila kumuuliza mwenyewe. Amekaa Rwanda, anatozwa kama msafiri. Onyo, kwenye simu nyingi, ni herufi ndogo ya R kando ya alama ya mawimbi.

Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kupunguza gharama za kupigiana simu baina yao. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haikuwemo katika mpango huo.

Dawa ipo, ingawa imefichwa. Ingia katika mipangilio, tafuta sehemu ya mitandao ya simu, zima uteuzi wa kiotomatiki, kisha chagua mwenyewe mtandao wa kila laini. Kuzima data ya nje peke yake hakutoshi, kwani kwa kawaida huzuia intaneti tu. Simu za kawaida huendelea kupita na kutozwa. Kumbuka pia kwamba ukivuka kwenda Bukavu, laini ya Rwanda uliyoifunga hivyo itakosa mtandao mpaka uifungue. Aliyeunda utaratibu huu, yaelekea, alimfikiria msafiri wa mara moja kwa mwaka, si mtu anayevuka asubuhi na kurudi jioni.

Kuhusu laini inayonyamaza, unaweza kuomba simu zake zielekezwe kwenye laini ya pili. Tatizo ni kwamba kipande hicho cha pili huhesabiwa kuwa simu ya kimataifa, na anayelipa ni wewe uliyepigiwa. Kwa anayepigiwa mara nyingi kwa siku, simu mbili ndogo za vitufe, kila moja na laini yake, huenda zikamgharimu kidogo zaidi.