Sikio la Mshairi: Masimulizi ya Wauguzi wa Kivu na Kanuni za Utunzi

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ukafika Ituri na hatimaye Kivu Kusini, ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Hesabu zake zinajulikana: wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo wahudumu wa afya zaidi ya 160. Tukirejea nyuma hadi Yambuku mwaka 1976, tunaambiwa kuwa kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Walichokiona kabla ya kufa hakimo katika hesabu hizo.

Hesabu hizi ni za lazima. Lakini muuguzi aliyefanya kazi Beni au Butembo ana habari ambayo haina nafasi katika fomu ya hospitali, wala hana mahali pepesi pa kuisemea. Nyumbani hataki kuwatia jamaa zake hofu. Mtaani, katika miaka ile, alishukiwa kuwa anakula fedha za ugonjwa. Hatari nayo haikuwa ya maneno tu: tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Mtu aliyepita katika hali hiyo hujifunza kunyamaza, na kimya hicho huendelea hata baada ya ugonjwa kwisha.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kukifikia kimya hicho, nayo ni kumsikiliza mhudumu kisha kumtungia shairi kutokana na maneno yake mwenyewe. Njia hii si ngeni. Mwaka 1992 mwanasosholojia wa Marekani, Laurel Richardson, alitoa shairi lililotokana na mahojiano marefu na mwanamke mmoja, akitumia maneno ya mwanamke huyo peke yake. Daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwataka wanafunzi wake wa udaktari waandike, kando ya faili rasmi, yale ambayo faili haiyapokei. Katika baadhi ya hospitali za nchi hiyo, washairi huketi na wauguzi mmoja mmoja, husikiliza, kisha humkabidhi kila mmoja shairi lake. Kinachotuhusu sisi wa idara za Kiswahili ni swali ambalo hao hawakulazimika kulijibu: shairi la muuguzi wa Kivu litungwe kwa Kiswahili kipi, na kwa kanuni zipi?

Tuchukue mfano. Maneno yafuatayo tumeyatunga wenyewe, kwa kufuata usemi wa Kivu, ili msomaji aione kazi inavyofanyika:

"Mutoto alikuwa analia, mama yake alishakufa. Nilimulisha, nilimubeba, lakini sikumugusa mutoto. Nilivaa paka macho. Yeye aliniangalia tu. Unasikia? Sikumugusa mutoto."

Mwanafunzi aliyezoea tenzi angeweza kuleta ubeti huu:

Mtoto alia sana,
usiku hata mchana,
nikaomba kwa Rabana
amponye maradhini.

Mizani ni nane nane, vina vimekaa, na mwalimu wa zamani angempa maksi nzuri. Hata hivyo ubeti huu umemsingizia muuguzi. Hakutaja usiku wala mchana. Hakusema kuwa aliomba. Kina cha "-na" ndicho kilichomwombea, tena kwa jina la Mungu ambalo huenda halitumii katika sala zake. Na lile jambo alilolisema mara mbili, la kumbeba mtoto bila kumgusa, limepotea kabisa.

Sasa tusikilize upya. Anayesimulia jambo zito hulirudia bila kukusudia, na mahali anaporudia ndipo shairi lilipo. Ushairi wetu una chombo cha kulipokea jambo hilo tangu kale, yaani kibwagizo. Hivyo:

Sikumugusa mutoto,
nilivaa paka macho,
aliniangalia tu,
sikumugusa mutoto.

Hapa hatukuongeza neno hata moja. Tulichagua na kupanga tu, na kila mstari umetimiza mizani nane bila kulazimishwa. Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana wengi wetu tulifundishwa kwamba Kiswahili cha Kongo hakifai kwa utunzi. Katika Kiswahili sanifu, "m" ya "mtoto" huhesabiwa kuwa mizani moja kamili. Kwa hiyo "mtoto" na "mutoto" ni sawa, vivyo hivyo "mgonjwa" na "mugonjwa", "wagonjwa" na "bagonjwa". Sikio la kanuni halibagui. Mhariri akisahihisha "paka" kuwa "mpaka", mstari wa pili utazidi kwa mizani moja, naye ndiye atakayekuwa ameuvunja. (Msomaji wa pwani ataona mnyama machoni, tutamweleza.)

Pana hatari kubwa zaidi katika neno "munganga". Huku kwetu munganga ni daktari wa hospitali. Likiandikwa "mganga", wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watamwelewa kuwa mtaalamu wa dawa za kienyeji, na simulizi nzima itageuka.

Lugha ya walioishi mambo yale imebeba ushairi tayari. Mjini Beni na Butembo, watu waliopona Ebola waliwalea watoto waliotengwa na mama zao wagonjwa, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga. Wanawake hao waliitwa kwa Kifaransa "berceuses", neno ambalo pia ni jina la nyimbo za kubembelezea watoto. Waliweza kumshika mtoto ambaye muuguzi hakuweza kumshika bila mavazi yale mazito. Masimulizi ya pande hizi mbili yakiwekwa pamoja, tutapata yale majibizano ambayo washairi wa Kiswahili huyapenda.

Kuhusu utaratibu wa kusikiliza, machache yatosha. Mshairi aende bila orodha ndefu ya maswali, na msimulizi akinyamaza, naye anyamaze. Asitaje mgonjwa kwa jina wala kwa alama itakayomtambulisha, kwani siri ya matibabu haifunguliwi na vina. Shairi lisichapishwe kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mwenyewe, naye awe na haki ya kulizuia. Akisema "hapa si miye", mstari huo ufutwe, hata ukiwa ndio pekee wenye vina kamili.