Shahada ya ustawi wa jamii: hesabu ya mzazi wa Tunduma

Mzazi wa Tunduma au Vwawa akitaka kumsomesha mwanawe shahada ya ustawi wa jamii, huanza kwa kuuliza ada. Ni swali la haki, ila ada siyo gharama kubwa kuliko zote.

Tuanze na Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Shahada yake ni ya miaka 3, na kama ilivyo kawaida kwa vyuo vya serikali, ada haiko mbali na milioni moja na ushee kwa mwaka. Mzigo uko kwenye kuishi. Bodi ya Mikopo imewahi kukadiria chakula na malazi kwa sh 10,000 kwa siku. Kwa miezi 8 ya masomo hiyo ni sh 2,400,000, na kwa miaka mitatu sh 7,200,000, kabla ya nauli ya kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 900 kila upande. Tena wenye nyumba wengi wa Dar hutaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo.

Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Mbeya, hukuondolea karibu mzigo huo wote. Mwanafunzi analipia masomo anayojisajilia, anabaki na duka lake pale mpakani Tunduma au kibarua chake kwa wakala wa forodha, na Mbeya ni safari ya asubuhi. Lakini anayesoma peke yake usiku baada ya kazi huchelewa kumaliza, na kila mwaka unaoongezeka ni mwaka wa kukosa mshahara wa afisa ustawi wa jamii.

Kipimo changu ni mazoezi kwa vitendo. Afisa ustawi wa jamii hufundwa na kesi: mtoto aliyekutwa peke yake kati ya Tunduma na Nakonde ya Zambia, wazazi wanaogombea matunzo, mgonjwa asiye na uwezo anayehitaji msamaha wa gharama hospitalini. Sheria ya Mtoto ya 2009 imempa afisa huyu majukumu mazito, na hayajifunzwi kwenye vitini pekee. Kabla ya kulipa hata senti, uliza mazoezi ni ya wiki ngapi, nani anamsimamia mwanafunzi, na posho yake inatoka wapi. Chuo kisichojibu hapo ni ghali, hata ada yake ikiwa ndogo.

Jihadhari pia na jina la kozi. Chuo cha Uyole, Mbeya, ni jirani, ila kinafundisha maendeleo ya jamii: vikundi, miradi, uhamasishaji. Ni kazi njema, lakini ni kada nyingine. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira usome sifa za kada unayoitaka. Anayefikiria kuvuka kwenda kusoma Zambia akumbuke kwamba shahada ya nje inahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Kijana aliyetoka kidato cha sita na kupata mkopo, aende Dar, akijua kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Mama au baba mwenye kipato na watoto Tunduma asome Huria, aombe mazoezi yake kwenye halmashauri ya nyumbani. Asiye na mkopo wala akiba asikubali kuuza shamba la kahawa la Mbozi kwa ajili ya chuo binafsi cha mbali. Aanze na stashahada, atafute kazi, kisha ajiendeleze.