Utando wa Buibui Juu ya Gari Jeusi

Gari jeusi lililooshwa vizuri na kuegeshwa kivulini hung'aa kama kioo. Lakini gari lilo hilo likisogezwa juani, tuseme saa tatu asubuhi, huonekana jambo la kushangaza: kuizunguka taswira ya jua juu ya boneti hutokea mistari myembamba isiyohesabika, duara ndani ya duara, mfano wa utando wa buibui. Mwenye gari hushtuka. Humlaumu aliyeliosha kwamba alisugua kwa kuzungusha mkono, naye muoshaji huapa kwamba hakuzungusha kitu. Ugomvi huo fizikia ya kidato cha pili yaweza kuuamua, na kila mmoja atapewa sehemu yake ya haki.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba miduara hiyo haimo katika rangi. Anayetaka ushahidi na asogeze kichwa chake hatua moja kushoto. Ataona miduara nayo inahama pamoja na taswira ya jua, na kitovu chake kinabaki pale pale taswira ilipo. Kama ingalikuwa imechorwa juu ya boneti, isingalihama. Mikwaruzo yenyewe ni ya kweli, ila imeelekea kila upande bila mpango, na mingi ni minyofu kabisa. Kwa nini basi jicho lione duara mahali pasipo na duara?

Tukumbuke kanuni ya uakisi wa nuru. Uso laini huurudisha mwale wa nuru kwa pembe iliyo sawa na ile ulioingia nayo, na ndiyo sababu taswira ya jua huonekana mahali pamoja tu. Mkwaruzo ni mfereji mdogo. Kuta zake zimeinama kuume na kushoto, lakini hazikuinama kufuata urefu wake. Kwa hiyo nuru ikiuangukia, hutawanyika kama upepeo uliokunjuliwa, na upepeo huo huukingama mfereji. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji hupokea nuru kutoka katika ile mikwaruzo tu iliyokingama na mstari utokao hapo ilipo hadi kwenye taswira ya jua. Mikwaruzo mingine yote hupeleka nuru yake kwingine, nayo haionekani. Juu na chini ya taswira itaonekana iliyolala; kuume na kushoto itaonekana iliyosimama; katika pembe, iliyoinama. Vipande hivyo vikiungwa na jicho hufanya mviringo.

Wenye santuri za zamani nyumbani wanaweza kuona kinyume cha jambo hili, na kwa kweli hakuna jaribio zuri kuliko hilo. Mfereji wa santuri ni wa mviringo hasa, umejizungusha mara mamia kuelekea katikati. Hata hivyo santuri ikiwekwa chini ya taa moja, haionyeshi miduara inayometameta, bali mwali mnyofu unaopita katikati yake kama akrabu za saa. Mikwaruzo minyofu ya gari huonyesha duara, na mfereji wa duara wa santuri huonyesha mstari. Kanuni ni moja. Mfuniko wa sufuria uliosuguliwa kwa mchanga nao utaonyesha miduara chini ya balbu.

Muoshaji basi ameshinda nusu ya kesi: hakuna ushahidi kwamba alizungusha mkono. Nusu ya pili tutaifikia.

Kwa nini nyeusi?

Gari jeupe lililooshwa na mtu yule yule kwa kitambaa kile kile lina mikwaruzo ile ile, wala hakuna anayelalamika. Magari mengi ya leo yamepakwa rangi kwa matabaka: chini kabisa rangi ya kuzuia kutu, juu yake rangi yenyewe, na juu ya yote vanishi angavu isiyo na rangi yoyote. Mtindo huu ulienea viwandani katika miaka ya 1980. Nuru ikianguka wima juu ya vanishi, sehemu 4 hivi katika 100 huakisiwa na uso wa nje, na sehemu 96 huingia ndani. Katika gari jeusi karibu zote zilizoingia humezwa na kugeuka joto. Katika gari jeupe nyingi hurudi nje zikiwa zimetawanyika pande zote. Kinachoonekana kwenye gari jeusi, kwa hiyo, ni ule uso wa nje peke yake, na kila dosari yake husimama mbele ya giza. Nyota huwapo angani mchana pia, ila mwangaza wa anga huzizima. Mikwaruzo ya gari jeupe huzimwa vivyo hivyo.

Kadhalika, mikwaruzo huonekana kwa nuru itokayo mahali pamoja, kama vile jua, kurunzi au balbu tupu. Siku ya mawingu nuru hutoka mbingu nzima, na utando hupotea. Anayenunua gari jeusi lililotumika siku ya mvua na alikumbuke hilo.

Mkosaji ni vumbi

Kitambaa laini peke yake hakikwaruzi vanishi kwa urahisi. Kikwaruzacho ni kile kilichobebwa na kitambaa. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Mjerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ugumu katika ngazi kumi, kuanzia ulanga ulio laini hadi almasi. Kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga mwingi, ina nafasi ya 7. Kioo cha dirisha hukaribia 5 na nusu, na vanishi ya gari, iliyo aina ya plastiki, ni laini kuliko kioo.

Hapa kwetu chembe za kwatsi ni nyingi. Sehemu kubwa ya nchi ya Dodoma imekaa juu ya itale. Jua na mvua huivunjavunja miamba hiyo kwa karne nyingi. Sehemu moja ya madini yake hugeuka udongo wa mfinyanzi, lakini kwatsi haiozi, bali hubaki punje kali ambazo kiangazi huinuliwa na upepo na magurudumu. Dereva anayelipangusa gari la ofisi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, akidhani analitunza, ameshika msasa mkononi bila kujua. Hapa ndipo mwenye gari anaposhinda nusu yake ya kesi. Mkono uende kwa duara au uende mnyofu, madhara ni mamoja, lakini ni mkono ulioyafanya.

Je, mkwaruzo huondoka?

Watu husema kwamba polishi huondoa mikwaruzo. Tukisema kweli, mkwaruzo ni uwazi, na uwazi hauwezi kuondolewa. Kinachoondolewa ni vanishi iliyouzunguka, hadi uso wote ushuke kufikia usawa wa sakafu ya mfereji. Shamba lenye mtaro likichongwa lote hadi kina cha mtaro, mtaro hautakuwapo tena. Shamba nalo limepungua.

Kazi hiyo hufanywa na chembe ndogo mno, mara nyingi za oksidi ya alumini, ambayo katika ngazi ya Mohs ina 9. Msomaji atauliza: iweje kitu kigumu kuliko mchanga kitibu jeraha la mchanga? Jibu ni ukubwa wa chembe. Punje ya mchanga iliyokandamizwa na kidole huchimba mfereji unaoakisi nuru. Chembe ya polishi ni ndogo kuliko punje hiyo kwa mbali, imeshikwa na sifongo inayobonyea, na mfereji wake ni mwembamba zaidi. Isaac Newton alilieleza jambo hili katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704 alipozungumzia kung'arisha vioo: unga wa kung'arishia haufanyi lolote ila kukwaruza, na kadiri chembe zake zilivyo ndogo, ndivyo mikwaruzo inavyokuwa midogo, mpaka macho yasiweze kuiona. Urefu wa wimbi la nuru tunayoiona ni kati ya mikromita 0.4 na 0.7 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kina cha mifereji kikishuka chini sana ya kipimo hicho, nuru huupokea uso kama kwamba ni laini kabisa.

Njia ya pili ni kuficha. Nuru huakisiwa pale inapopita kutoka kitu kimoja kuingia kingine kinachoupunguza mwendo wake kwa kiasi tofauti. Tofauti ikiwa ndogo, uakisi nao huwa mdogo. Kati ya hewa na vanishi huakisiwa sehemu 4 katika 100, kama tulivyosema. Kati ya maji na vanishi haifiki nusu ya sehemu moja. Mafuta ya kupikia huikaribia vanishi zaidi, hata uakisi hukaribia kutoweka. Ndiyo sababu gari lililoloa huonekana jipya. Nta hufanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko maji, hasa ile ya mnazi-mwitu wa kaskazini-mashariki ya Brazili uitwao karnauba, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za Selsiasi. Lakini sabuni na jua huila pole pole, na utando hurudi. Mteja aliyeuziwa nta kwa jina la dawa ya mikwaruzo atagundua baada ya wiki kadhaa.

Akiba isiyoongezeka

Vanishi ya gari lililotoka kiwandani huwa na unene wa mikromita 40 hivi. Unywele wa mtu una mikromita 50 hadi 100. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu: kama kila usuguaji mzito unakula mikromita 3, nusu ya vanishi itakwisha baada ya mara ngapi? Jibu ni chini ya mara 7. Na nusu haitoshi, kwa maana vanishi ndiyo yenye kemikali za kunasa mionzi ya urujuanimno itokayo juani. Ikipungua mno, jua la kwetu huifikia rangi ya chini; vanishi hubabuka, na mabaka meupe hutokea juu ya paa na boneti. Hali hiyo haina polishi. Dawa yake ni kupiga rangi upya, kwa gharama ambayo wengi hawaiwezi.

Kwa sababu hiyo fundi mwenye busara huanza na polishi iliyo hafifu kuliko zote, kwenye kipande kidogo cha mraba, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Ikitosha, haongezi ukali. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha huuacha, maana kuufikia chini ni kuimaliza vanishi. Kwenye kingo za milango hupita kwa mkono mwepesi au huziba kwa karatasi ya gundi, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba na mashine hupata joto upesi. Kitambaa kikitoka cheusi, atajua kwamba gari hilo ni la aina ya zamani isiyo na vanishi, na kwamba anachokula ni rangi yenyewe.

Kuosha kwenyewe hakuna siri kubwa. Maji mengi yatangulie yaondoe vumbi kabla mkono haujagusa kitu. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Kazi ianzie juu ya paa na kumalizikia chini, ambako mchanga ni mwingi.

Kwa jaribio la darasani chahitajika kipande cha plastiki nyeusi inayong'aa, kwa mfano kasha la redio mbovu. Kipanguswe kwa kitambaa chenye vumbi kavu, kisha kitazamwe kwa kurunzi katika chumba chenye giza. Robo moja ipakwe mafuta ya kupikia, na robo nyingine isuguliwe kwa dawa ya meno, ambayo ina unga laini wa kusugulia, kwa dakika kadhaa. Zote mbili zitaonekana zimepona. Kisha kipande chote kioshwe kwa sabuni na kukaushwa, kurunzi iwashwe tena, na wanafunzi waseme ni robo ipi iliyopona na ipi iliyofichwa tu.