Istilahi za Udugu katika Somo la Anthropolojia

Anthropolojia ni taaluma ichunguzayo maisha ya binadamu: mila zake, imani zake, namna ajipatiavyo riziki na namna ahesabuvyo jamaa zake. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukutana mapema na mada hii ya mwisho, nayo humtaabisha mno mfasiri. Hapa tutaeleza istilahi zake chache.

La kwanza ni jina la mada yenyewe. Kwa asili, hali ya kuwa jamaa huitwa ujamaa. Lakini tangu Azimio la Arusha la 1967 neno hilo limefungamana na siasa, hata msomaji hudhani kwamba yazungumzwa mambo ya vijiji na mashamba ya pamoja. Kwa hiyo twapendekeza udugu kwa uhusiano wa jamaa kwa jumla, na nasaba kwa mfuatano wa vizazi.

La pili ni ndugu wa kiume wa wazazi. Kiingereza huwaita wote kwa neno moja. Kiswahili huwatenga: wa baba ni ami, au baba mkubwa na baba mdogo, wa mama ni mjomba. Bronislaw Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918, alieleza jamii ambamo kijana hurithi kwa mjomba, wala si kwa baba. Mfasiri aandikaye ami mahali pa mjomba humpa urithi mtu mwingine, na hoja nzima huanguka. Kosa hilohilo laweza kuharibu shauri la mirathi kwa Wamakonde au Wayao, ambao kwa desturi huhesabu nasaba upande wa mama.

La tatu ni pande hizo mbili. Hapana haja ya kuunda maneno mapya: kuumeni ni upande wa baba, kukeni ni upande wa mama. Basi tuseme nasaba ya kuumeni, kama ya Wakikuyu, ambao Jomo Kenyatta, mwanafunzi wa Malinowski, aliandika habari zao katika kitabu cha 1938. Na nasaba ya kukeni, kama ya Wamakonde. Walimu waonye kwamba nasaba ya kukeni si utawala wa wanawake. Mara nyingi mwenye amri ni mjomba.

Mwisho, neno binamu lataka hadhari. Kwa asili yake ya Kiarabu ni mwana wa ami. Lakini wengi wa bara humwita huyo ndugu, na jina la binamu humpa mtoto wa mjomba au wa shangazi. Penye shaka, uhusiano utajwe wazi.

Kwa ufupi, mfasiri aulize kwanza mtu huyo ni wa upande gani, ndipo achague neno.